Kibao, Sefu na Donati Sita

Jumatatu, 3 Juni

Nimeibiwa! Mashine ya kukatia nyasi haipo. Asubuhi nimefungua gereji (kusema kweli ilikuwa wazi tayari, lakini hiyo si hoja), na pale inapokaa nikakuta doa la mafuta tu. Miaka arobaini nimetandaza vigae katika nusu ya mabafu ya kaunti hii, na haya ndiyo malipo ya uzeeni.

Akaja askari wa kaunti, kijana Hostetler, mashavu laini kama ya mtoto. Akauliza kama gereji ilikuwa imefungwa. Nikamwambia swali hilo linamtetea mwizi. Akaandika kitu kifupi sana kwenye daftari lake.

Kabla gari lake halijakata kona, Merle Tackett akachungulia juu ya ua. Jirani huyu, kila nikipata msiba, yeye hupata hotuba. Akasema yeye hawezi kuibiwa hata kijiko, maana tangu Oktoba ana bastola, na ana kibao mbele ya nyumba kinachosema hivyo. "Lyle, mzee mwenzangu," akaniambia, "siku hizi nyumba bila chuma ni duka bila mlango." Hilo la mashine ningelimeza. Lakini "mzee mwenzangu"! Ananizidi miaka mitatu!

Jioni nikamtangazia mke wangu Nadine kwamba nanunua bastola ya kulinda nyumba. Alikuwa akikata ncha za maharage mabichi. Hakuinua macho. Akasema sawa, kwa masharti matatu. Kwanza mafunzo. Pili sefu, lile kasha la chuma la kufungia vitu, ifungwe kwa skrubu sakafuni kabla bastola haijavuka kizingiti. Tatu, nimpigie simu binti yetu Gretchen nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nimekubali yote papo hapo. Masharti ni kama kona za bafu, fundi hakosi njia ya kuyakata.

Jumanne, 4 Juni

Nimempigia Gretchen. Yeye ni nesi wa wodi ya dharura kule Fort Wayne. Mtoto wake Maisie, miaka sita, mjukuu pekee tuliye naye, anakuja kwetu tarehe 22 kukaa wiki mbili. Nadine ameshaweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Mimi nimeshafunga bembea mpya. Ni mtoto mzuri sana, ila hufungua vitu. Krismasi alifungua kabati la dawa, sanduku langu la zana, na simu ya Nadine yenye namba ya siri.

Mkakati wangu: kumwambia Gretchen bila kumwambia. Nikasema nanunua kifaa cha nyumbani. Akauliza kifaa gani. Nikasema cha usalama. Akauliza, "Baba, ni bastola?" Nikasema iko katika ukoo huo.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema kila Maisie anapoalikwa kucheza kwa watu, yeye huwauliza wenyeji maswali matatu. Kuna bunduki humu? Iko wapi? Nani anaweza kuifikia? Wengine hununa. Yeye haoni haya, kwa sababu watoto wa nyumba ambazo watu hawakuulizana huletwa kwake, wodini. Na sasa ataniuliza mimi, baba yake mzazi, kama anavyowauliza watu baki.

Nikasema mimi si mtu baki. Akasema ndiyo maana ataniuliza kwa upole. Majibu yakinyooka, Maisie anabaki. Yakipinda, mtoto anarudi garini na kwenda Toledo, kwa bibi yake wa upande wa pili.

Toledo! Kwa Bernadette! Mwenye bwawa la kuogelea! Mtoto akionja maji yale hatutamwona tena mpaka aolewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimenunua! Si bastola. Kibao. Duka la wakulima, nyuma ya chakula cha kuku. Maandishi mekundu: MWENYE NYUMBA HII ANA BASTOLA. MWIZI, FIKIRI TENA. Cha Merle ni cha ukubwa wa sahani. Changu ni sinia. Nimekichomeka katikati ya nyasi za mbele, ambazo zimerefuka kwa kuwa sina mashine, ikabidi nizipunguze kwa mkasi wa jikoni ili kisomeke.

Hesabu yangu ni hii: mwizi hajui kwamba bastola yenyewe sina. Kwa hiyo nimeshapata ulinzi wote, na bado sijagusa risasi hata moja. Hii ndiyo inaitwa akili. Nikabandika na stika nyuma ya gari, yenye maneno yale yale.

Nadine akatoka na kikombe cha kahawa. Akasoma. Akasoma tena. Akauliza Maisie, aliyejua kusoma mwaka huu, atakisoma kibao hicho kwa sauti gani. Nikasema kwa fahari. Akarudi ndani.

Merle amekitazama dakika nne. Nilihesabu nikiwa nyuma ya pazia.

Ijumaa, 7 Juni

Duka la bunduki. Muuzaji ni Trudy Wohlers, mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Nikaagiza kubwa kuliko zote. Hakutoa. Akaomba kuona viganja vyangu, kama mpiga ramli. Akauliza kama vina baridi yabisi. Akauliza naishi na nani, nani hututembelea, nani hulala chumba kipi. Sikuhojiwa hivyo hata nilipokwenda kuposa.

Mwishowe akalitoa dude lenyewe, akalikagua mara mbili mbele yangu kuwa ni tupu, akanipa. Kidole hakikufika vizuri kwenye kifyatulio. Akasema nivute ile sehemu ya juu irudi nyuma. Nikavuta. Nikavuta tena. Nikajikaza kisabuni. Kitu kikalia "kakh!", nikafurahi. Kumbe ni kiwiko changu.

Trudy akasema bastola ya nyumbani haichaguliwi kwa ukubwa. Huchaguliwa kwa mkono utakaoishika na kwa mazoezi ambayo mwenyewe uko tayari kuyafanya. Ile usiyoiweza utaiacha kwenye droo, na droo si mahali pake. Akatoa ya wastani, akampa Nadine, ambaye alikuwa amenisindikiza tu. Nadine akaivuta nyuma kama anafungua chupa ya achari.

Nikasema mchagua jembe si mkulima, basi anipe yoyote ile iliyo kubwa. Trudy akasema hapana, nimalize mafunzo kwanza, nijaribu mbili tatu kwenye uwanja wa shabaha, ndipo nirudi. Duka linalomfukuza mteja! Nchi imekwisha.

Jumamosi, 8 Juni

Mafunzo, ukumbi wa zimamoto. Tuko wanane. Nadine naye amejiandikisha, eti anichunge. Mwalimu ni Opal Dietz, miaka sabini na minane, aliyemfundisha Gretchen chekechea, na sauti hajaibadilisha. "Haya, watoto wazuri, vidole viko wapi?" Watu wazima wanane tukanyoosha vidole pembeni, mbali na kifyatulio. Akatukaririsha kanuni zake kwa pamoja: kila bastola ichukulie ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole nje mpaka umeamua. Jua kilicho mbele ya shabaha na kilicho nyuma yake.

Na nani yuko mstari wa nyuma? Merle! Kumbe miezi minane yote ana bastola na hajawahi kufundishwa lolote. Mkewe ndiye kamtuma. Anaiweka wapi? Ndani ya soksi. Alisema hivyo mwenyewe, mbele ya watu. Opal alimtazama mpaka akakaa chini.

Nikageuka kumcheka. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshika bastola ya mazoezi, ya plastiki, ya buluu, nayo ikageuka pamoja nami. Opal akasema, bila kupaza sauti, "Lyle, umemuua Merle." Nikasema hii ni ya plastiki. Akasema wote husema hivyo: ilikuwa tupu, ulikuwa mchezo, nilidhani. Nikawekwa kwenye kiti cha pembeni dakika kumi. Miaka sitini na sita!

Halafu akauliza nani ana kibao cha bastola mbele ya nyumba. Mimi na Merle tukainua mikono kabla swali halijaisha. Tulidhani kuna zawadi. Opal akasema mwizi hupenda vitu viwili kuliko televisheni: dawa kali za maumivu, na bunduki. Sisi tumemwandikia tangazo la duka, kilichobaki ni yeye kungoja tutoke nyumbani. "Kizuri chajiuza, wanangu," akasema. "Kibaya chajitembeza."

Tulipotoka nikamwambia Merle nitaondoa changu mara atakapoondoa chake. Naye akasema vivyo hivyo. Tukapeana mikono kama waungwana.

Jumapili, 9 Juni

Kibao cha Merle bado kipo. Changu pia. Nimekaa dirishani toka tulipotoka kanisani mpaka saa kumi na moja. Naye alikuwa dirishani kwake. Tulipungiana mikono mara mbili. Nadine anasema tunachungana kama kuku na mwewe, ila yeye anaona kuku wawili.

Jumanne, 11 Juni

Sefu imefika! Inafunguka kwa alama ya kidole. Unagusa tu, tayari.

Kasoro moja. Vidole vyangu havina alama. Miaka arobaini ya saruji imezilamba zote. Nikagusa: taa nyekundu. Nikalowesha: nyekundu. Nikajaribu kidole cha mguu: nyekundu, na mgongo ukakaza. Nadine akapita na kikapu cha nguo, akafuata maelekezo, akagusa. Kijani.

Merle akaja kusaidia. Hakuitwa. Akagusa ili kunionyesha jinsi watu wanavyogusa, kumbe mimi nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kusajili. Hali ikawa hii: sefu yangu inawafungukia mke wangu na Merle Tackett.

Nimeirudisha dukani, nikachukua ya kubonyeza namba. Namba nimeichagua mwenyewe na siiandiki hapa kwa sababu za usalama. (Ni siku ya kuzaliwa ya Maisie. Mwizi ataijulia wapi?)

Limebaki suala la skrubu. Lakini sakafu ya kabati la chumbani niliitandaza mimi mwenyewe mwaka 1998. Vigae vya kijivu, mistari imenyooka mpaka wageni walikuwa wakiitwa kuiona. Nitoboe vigae vyangu? Kesho. Sefu yenyewe ni nzito, kilo nane, itakwenda wapi?

Na kwa kuwa bastola bado, nimeipa sefu kazi nyingine. Donati sita. Daktari amenikataza sukari, na Nadine ana pua ya mbwa wa polisi, lakini chuma hakipitishi harufu.

Alhamisi, 13 Juni

Kwa Trudy tena. Mafunzo bado siku moja, ila amekubali tuanze na karatasi. Fomu ndefu. Jina, anwani, umewahi kuhukumiwa, umewahi hiki, umewahi kile. Trudy akapeleka jina langu kwa wakaguzi wa serikali, waone kama nina rekodi ya uhalifu. Jibu: subiri. Kuna Lyle Stuckey mwingine mahali fulani mwenye mambo machafu, na mpaka watutenganishe itachukua siku kadhaa. Mtu hata simjui kaniharibia jina, na jina ni lake pia!

Nikapata wazo. Nikamnong'oneza Nadine ajaze fomu yeye, achukue bastola kwa jina lake, tukifika nyumbani iwe yangu. Bahati mbaya, minong'ono yangu husikika mpaka barabarani. Mashine ya kukatia vigae iliniua masikio. Trudy akachukua fomu zote, akaziweka kwenye droo, akafunga droo. Akasema kumnunulia mtu bastola kwa jina lako ili akwepe ukaguzi ni kosa la jinai na watu wamefungwa kwa hilo. Leo, akasema, hauzi hata kitambaa cha kusafishia kwa yeyote aitwaye Stuckey. Watu wawili waliokuwa wakitazama mabegi walitoka nje polepole.

Njiani tukasimama kwenye taa za makutano. Hapo Nadine akasema, "Siku tisa, Lyle." Yaani mpaka Maisie afike.

Jumamosi, 15 Juni

Saa mbili asubuhi. Ushindi! Merle ameondoa kibao! Kwenye nyasi zake yamebaki matundu mawili tu. Kaufyata! Changu sasa kimesimama peke yake mtaa mzima. Nimekipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Tunakwenda uwanja wa shabaha, siku ya mwisho ya mafunzo.

Saa kumi na mbili jioni. 

Uwanjani kwanza. Nadine alipiga kumi, zote ndani ya duara la kisahani cha chai. Mimi nilipiga kumi, moja ikagusa karatasi. Karatasi ya Merle. Opal alinipa cheti cha kuhudhuria, na neno "kuhudhuria" alilitamka mara mbili.

Tukarudi nyumbani. Kioo cha mlango wa nyuma kimevunjwa. Televisheni ipo. Pete za Nadine zipo mezani. Sefu haipo. Juu ya vigae vyangu, ambavyo havina hata mkwaruzo, umebaki mraba usio na vumbi.

Hostetler akaja tena. Akatazama kibao. Akatazama mraba. Akauliza ndani ya sefu kulikuwa na nini. Nadine amesimama pale pale. Nikasema nyaraka. Akauliza nyaraka gani. Nikasema za binafsi. Akasema lazima aziorodheshe. Nikasema basi aandike sita.

Baada ya saa moja akarudi na sefu. Aliikuta mtaroni nyuma ya kituo cha mafuta, mlango umekunjwa kwa mtaimbo. Ndani boksi la donati, zimebaki mbili. Akamsomea Nadine orodha, polepole, kama hati ya mashtaka.

Kisha akavua kofia, na hili sikulitarajia kwa mtoto yule. "Mzee Stuckey," akasema, "huyu alifuata bastola. Ingekuwemo, saa hizi anayo yeye. Na mimi ndiye ningekutana naye barabarani." Mkewe ni mjamzito, anajifungua Agosti. Kitabu hiki hakisomwi na mtu, kwa hiyo naandika: niliogopa. Niliogopa sana.

Nimeking'oa kibao kwa mikono yangu.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya Baba. Kadi imetoka kwa Maisie. Amenichora nikimsukuma kwenye bembea, kichwa changu kikubwa kuliko nyumba. Nimeiweka juu ya jokofu.

Gretchen akapiga simu. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwamba kioo kimevunjwa na ndege, ndege mkubwa. Nadine akaninyang'anya simu, akamaliza kila kitu kwa sentensi nne. Kibao, sefu, skrubu, donati. Akanirudishia. Gretchen akasema Bernadette ameshatandika kitanda, na amenunua boya jipya lenye umbo la bata. Akasema maswali yake ni yale yale matatu. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nikasema ndiyo, binti yangu. Sikudanganya lolote, na si kwa wema, uongo wangu wote ulikuwa umeniishia.

Jioni nimeketi kwenye bembea. Nimeona kuwa inabeba watu wazima pia.

Jumanne, 18 Juni

Mambo mawili.

La kwanza, Hostetler ameipata mashine ya kukatia nyasi. Iko kwa fundi, tangu tarehe 9 Mei. Niliipeleka mimi. Sahihi ni yangu. Fundi amenipigia simu mara tano. Nikamwomba Hostetler aifunge kesi hiyo kwa heshima. Maana yake ni kwamba mwizi pekee aliyewahi kuingia kwangu ni yule niliyemwalika kwa maandishi mekundu.

La pili, jibu langu la ukaguzi limerudi safi. Yule Lyle mwingine abaki na yake. Tukaenda kwa Trudy, kifua mbele. Lakini Nadine alikuwa amekata shauri tangu juzi. Alisema ananijua: nikikosa hii, nitatafuta nyingine mahali pabaya zaidi. Basi iwe moja, iwe yake, na namba iwe yake. Trudy akamhoji nusu saa nzima, na jina lake likakaguliwa, likarudi safi papo hapo. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wateja, akauliza bastola hii ni ya nani. Nilikuwa na majibu matatu. Nikatoa la nne. Nikasema, "Ya kwake." Uchungu wake naujua mimi.

Sefu mpya nimeifunga mwenyewe. Vigae vinne vya mwaka 1998, skrubu nne ndefu. Tundu la kwanza nilifumba macho. Nadine akasema nifumbue, au atoboe yeye. Bastola imeingia ndani, tupu. Risasi ziko kwenye kijisanduku kingine chenye kufuli, chumba kingine. Ulipofika wakati wa kuweka namba, Nadine akaniambia nigeukie ukutani. Mimi! Kwenye kabati langu!

Nikageuka.

Jumamosi, 22 Juni

Wamefika saa nne. Maisie hana meno mawili ya mbele. Akanikumbatia goti, akakimbilia bembea. Gretchen akaingia sebuleni. Begi la mtoto likabaki ndani ya gari. Nililiona kupitia dirishani, la waridi, kwenye kiti cha nyuma. Hakulishusha.

Siku tatu nimekariri majibu mbele ya kioo. Mengine yalikuwa mazuri sana. Gretchen akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni. Akauliza, kuna bunduki humu? Nikasema ipo, bastola moja. Iko wapi? Nikasema kabatini, ndani ya sefu yenye skrubu nne sakafuni. Ni tupu. Risasi ziko mbali, chini ya kufuli. Akauliza, nani anaweza kuifungua?

Hapa ndipo palikuwa na hotuba. Hotuba haikuja. "Mama yako tu," nikasema. "Mimi namba siijui. Haniamini."

Nadine akakohoa. Gretchen akafunika uso kwa viganja. Nikajua nimeharibu, nikamwona Maisie juu ya bata la Bernadette. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa machozi kweli, akasema katika nyumba zote alizouliza hajapata jibu zuri kama hilo. Akanikumbatia shingoni. Na mimi nililia kidogo. Vumbi la vigae.

Ndipo Nadine akasema bembea haina mtu.

Tulimkuta chumbani. Kabati liko wazi. Amepiga magoti mbele ya sefu, ulimi nje, kidole kinabonyeza. Akageuka bila hofu yoyote. "Babu," akasema, "nimejaribu siku yangu ya kuzaliwa, haifunguki."

Ile sefu yangu iliyoibiwa ingefunguka. Ingefunguka mara moja tu ya kujaribu, na si kwa sababu ya mwizi wala adui, ni kwa sababu babu yake anampenda. Nikakaa sakafuni. Gretchen akampakata mtoto, akamwambia taratibu: ukiona bunduki mahali popote, usiiguse, ondoka hapo, mwambie mtu mzima. Wakarudia mara tatu. Mimi nilirudia pamoja nao.

Begi limeshushwa garini. Nimelibeba mwenyewe mpaka juu.

Jumatatu, 24 Juni

Siku njema. Gretchen amerudi Fort Wayne. Maisie anabembea tangu asubuhi. Nimekata nyasi. Merle ameweka kibao kipya: NYUMBA HII INA KAMERA. Kamera hana. Nimemuuliza mkewe.

Mwezi huu umenifunza mengi, na mtu mzima hufundishika. Kwa mfano ile sefu ya zamani iliyokunjwa. Mwingine angeitupa. Mimi nimeunyoosha mlango kwa nyundo, na inafunga vizuri kabisa. Nimeiweka gereji, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi. Donati kumi na mbili. Hamna bastola, hamna hatari, hamna wa kunilaumu. Namba ni ile ile, maana nimeshaizoea.

Saa kumi nikaenda kujipongeza. Boksi lipo. Donati hamna. Hata moja! Sefu haijavunjwa, imefunguliwa kwa ustadi wa hali ya juu. Gereji ilikuwa wazi, lakini hiyo si hoja. Nikampigia Hostetler. Akaniuliza kama nimeanza kwa kuwatazama waliomo nyumbani. Nikamjibu kwamba waliomo nyumbani ni watu wa kuaminika: Nadine yuko jikoni, na Maisie yuko kwenye bembea, ametulia kuliko kawaida yake, sukari mpaka kwenye nyusi.

Ni Merle tu. Nani mwingine?

Lakini safari hii sikuchelewa. Nimeshakwenda duka la wakulima na kurudi. Kibao kipya, ukubwa wa sinia, kimesimama mbele ya gereji: HUMU HAMNA DONATI. MWIZI, FIKIRI TENA.